Inapungua Dhiraa

Baba, fungua shati. Baridi imebaki nje,
mto Oulu umeganda, na mashine yangu haiumi:
antena mbili na kisanduku kama cha kiberiti.
Unacheka. "Kwa hiyo, Vieno, mimi sasa ni kituo cha redio?"

Ndiyo. Tangu Machi, walipokupasua chini ya mtulinga
wakakutia kile kidude cha kuukumbusha moyo zamu yake,
kila usiku saa nane unatangaza.
Mapigo, betri, pale uliporuka, pale uliposita,
yote yanapenya ukuta, yanashuka ngazi za jengo hili la Tuira,
yanampita jirani na mbwa wake,
yanafika barabarani, kwa yeyote aliyeketi garini
injini imezimwa, sikio ametega.

Na wewe wamjua huyo wa garini.
Ulikuwa yeye.
Miaka minne katika kibanda cha mbao, Kuhmo, karibu na mpaka,
hedifoni kichwani hadi ndewe zikachubuka,
penseli imefungwa uzi isipotee gizani,
ukiokota sauti za watu ambao hawakukupa.
Mama husema ulirudi hujui kuongea;
ulijua kunyamaza tu, shingo umeikunja kidogo,
kama anayetafuta stesheni.

Wenzangu wengi hutengeneza kufuli.
Huuchukua ujumbe wakausokota kwa hesabu,
wakautupa hewani umefungwa: haya, na asikie.
Sina ugomvi na kufuli.
Ila betri yako ni ya kuhesabiwa,
na kila hesabu hukumegea siku.
Basi nimeiendea hewa yenyewe.

Tazama. Wimbi likitoka kwako
hugonga jiko, hugonga kioo chenye barafu,
hugonga bilauri ya Mama, ndipo linifikie
limechoka kwa namna yake.
Nikikujibu, jibu hupita mumo humo,
bilauri, kioo, jiko, likachoka vile vile.
Njia hiyo hakuna aliyetuandikia.
Mama akisogeza bilauri, imebadilika.
Aliye mbali nasi, hata awe na sikio la dhahabu,
husikia chumba kingine.

Kisha namwaga kelele.
Kwa makusudi, kama mvua ya mawe juu ya bati.
Nimeipima iwe na tundu moja tu,
na tundu lenyewe limekaa hapa, penye kipokezi changu:
kelele na kelele zinakutana, zinauana,
pananyamaza. Nakusikia.
Garini wanasikia theluji
ikiangukia theluji.

Usinipongeze. Kanuni yake nimeiandika ubaoni, na ni ya aibu:
chukua ninachosikia mimi,
toa anachosikia mdukizi,
kinachobaki ndicho siri.
Akinizidi ukaribu hakibaki kitu.
Deni tu.

"Akaribie kiasi gani?" Sauti yako ni ile ya kibandani.
Nusu ya wimbi, Baba. Inapungua dhiraa.
Naweka kiwiko kifuani pako, nanyoosha mkono:
vidole havijafika, mpaka umekwisha.
Ndani ya hapo hila zangu zote ni bure.

Unatazama jikoni.
Mama anasuuza kikombe, hajui anasemwa.
Miaka arobaini na sita analala upande huo wa kushoto,
na kichwa chake, nikikipima, hakifiki hata shibiri.
Hana antena. Hana penseli.
Naye ndiye aliyesikia kwanza, Februari,
kabla ya daktari, kabla yako mwenyewe,
kwamba unaruka pigo.

Nakufunga shati. Kifungo cha tatu hakipo.
Daftarini, chini ya vipimo vya leo, naandika:
mdukizi mmoja, ndani ya duara.
Anajulikana. Aachwe.